Zizi la Masisi na Mtego wa Walikale

Ng'ombe akitupa mimba kwenye vilima vya Mushaki, wilayani Masisi, anayemhudumia kwanza ni mchungaji wake, na vifaa alivyo navyo ni mikono miwili. Anamvuta ndama aliyekufa, anahangaika na kondo la nyuma lililokwama, kisha ananawa kwenye kijito kilekile wanachonywea mifugo, ambacho huko bondeni watoto huja kuteka maji. Kondo linatupwa kichakani na mbwa wanaliburuta hadi nyumbani. Siku chache baadaye ng'ombe yuleyule anakamuliwa, maziwa yanamiminwa kwenye bidoni la njano pamoja na ya wenzake na kupelekwa kwa mtengeneza jibini. Wiki tatu au nne zikipita, mchungaji anaanza kuugua homa inayopanda jioni na kushuka asubuhi. Viungo vinauma, mgongo unauma, jasho la usiku linalowesha godoro. Kituo cha afya kinampa dawa ya malaria. Anamaliza dozi, homa inarudi, anapewa dozi nyingine.

Huo ni ugonjwa wa brusela, ambao wafugaji wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa mtu, tiba yake ni antibiotiki mbili kwa pamoja kwa muda usiopungua wiki 6. Kwa ng'ombe, kinga ni kuchanja mitamba wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 8, kuchoma au kufukia kondo, na kumtenga aliyetupa mimba. Mwuguzi anayemtibu mchungaji bila kuuliza habari za zizi lake ametibu nusu ya ugonjwa. Mganga wa mifugo anayeandika idadi ya mimba zilizotoka kwenye daftari lake, halafu asimweleze mwuguzi wa ng'ambo ya barabara, naye amelikalia onyo ambalo lingewafaa watu.

Hoja yangu katika safu hii ni kwamba katika wilaya za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, mnyama ndiye huumia kwanza, na maumivu yake ni habari. Tukimhudumia mapema tunamwokoa yeye, tunaokoa mlo wa nyumba inayomtegemea, na mara nyingi tunaufunga mlango ambao ugonjwa ungepitia kumwingia mtu. Wataalamu wanauita mtazamo huu Afya Moja: afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira kuangaliwa kwa pamoja. Mwaka 2022 mashirika manne ya kimataifa, lile la Afya, la Chakula na Kilimo, la Afya ya Wanyama na la Mazingira, yalitoa mpango wa pamoja wa kuutekeleza. Ni mpango mzuri. Kinachopungua, ukiutazama unavyofanyiwa kazi katika ukanda wetu, ni mnyama mwenyewe. Anahesabiwa kama chanzo cha virusi na kama kichwa cha kupimwa damu. Ni mara chache anatazamwa kama kiumbe kinachosikia njaa, hofu na maumivu.

Mwaka 1965 nchini Uingereza kamati ya Profesa Brambell ilichunguza hali ya mifugo kwenye mashamba ya kisasa. Kutokana na kazi hiyo zikatungwa kanuni zinazojulikana kama uhuru wa aina tano: mnyama asiteswe na njaa na kiu, asikose mahali pa kujistiri, asiachwe na maumivu na maradhi, apate nafasi ya kuishi kwa tabia za asili yake, asiishi kwa hofu. Zisome kanuni hizo ukiwa Kitshanga kule Masisi au Pinga kule Walikale, utakuta binadamu wengi wa huko hawajapata hata moja kati yake kwa ukamilifu. Hapo ndipo wengi hunikatiza: watu wanakufa, wewe unazungumzia raha ya ng'ombe?

Nalichukulia swali hilo kwa uzito. Familia inayokimbia Masisi haina akaunti ya benki. Ina mbuzi wawili, kuku kadhaa, pengine ng'ombe mmoja wa kukamua. Mbuzi huyo ndiye ada ya shule, ndiye malipo ya hospitali, ndiye chakula cha siku ambayo msaada haukufika. Akifa njiani kwa kiu au kwa ugonjwa ambao chanjo yake ipo, familia imefilisika. Watu wanaotoa misaada wanalijua hili kwa muda mrefu. Mwongozo wa LEGS kuhusu mifugo katika dharura ulitoka mara ya kwanza mwaka 2009 na umerudiwa tangu hapo. Hata hivyo, kambi za waliokimbia vita zilipojaa pembezoni mwa Goma, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, mipango ya maji, vyoo na mahema ilihesabu watu peke yao. Mbuzi waliokuja nao walilala ndani ya mahema yaleyale, na wengi waliuzwa kwa bei ya kutupa.

Ng'ombe wa Masisi ana mzigo mwingine ambao mtaalamu wa mifugo hawezi kuukwepa: amebebeshwa ugomvi wa ardhi. Malisho yale ya kijani, ambayo wageni hupenda kuyafananisha na Uswisi, yana historia chungu. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihamishia huko maelfu ya familia kutoka Rwanda. Mobutu alipotaifisha mali za wageni mwaka 1973, mashamba makubwa ya walowezi yaliangukia kwa wachache waliokuwa karibu na utawala, na sehemu kubwa ikageuzwa malisho huku mkulima mdogo akibanwa kwenye miteremko. Machi 1993 mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, wilayani Walikale, vita vikapanda hadi Masisi. Katika vita hivyo na vilivyofuata miaka ile, makundi ya ng'ombe yaliteketea kwa wizi, risasi na mapanga. Ng'ombe alichukuliwa kuwa wa kabila la mwenye naye, akauawa kwa sababu hiyo.

Kisa hicho hakijaisha. Maharage ya mkulima yakiliwa na mifugo usiku, au chuki ikipanda tu, ng'ombe hukatwa mkano wa mguu wa nyuma. Mnyama aliyekatwa hapo hafi papo hapo. Anajiburuta, anajaribu kusimama, analala ubavu mmoja mpaka tumbo linajaa gesi na kumbana mapafu. Ukifika na bango la kukemea ukatili hutabadilisha kitu. Kinachopunguza mapanga ni mipaka ya mashamba inayoheshimiwa na pande zote, njia za mifugo zilizokubaliwa na wazee wa maeneo ya Bahunde, Bashali, Katoyi na Osso-Banyungu, zizi la usiku linalofungwa, na fidia inayolipwa haraka kwa mkulima aliyepoteza mazao. Haki ya mkulima ni sehemu ya ustawi wa ng'ombe. Mpango wowote wa mifugo wa Masisi usiogusa suala la ardhi utakuwa umeuhudumia mwili wa mnyama na kuacha panga likinolewa.

Tangu kundi la waasi la M23 liliporejea vitani mwishoni mwa 2021 hali imezidi kuwa ngumu. Kitshanga ilitekwa Januari 2023, Rubaya 2024, Masisi na Goma Januari 2025. Machi 2025 kundi hilo liliingia Walikale, likaondoka wiki chache baadaye. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na pamoja nao ukafungwa mlango mkuu wa dawa na chanjo. Sasa mifugo iliyoko upande mmoja wa mstari wa mapigano na maabara iliyoko upande mwingine ni kama ziko nchi mbili.

Mtazame ng'ombe anayeshushwa kutoka Masisi kwenda machinjioni. Anatembezwa siku kadhaa au anapakiwa kwenye lori lililojaa, pembe zimefungwa kwa kamba, hana maji, anakanyagwa na wenzake kila lori linapoinama kwenye kona za kuelekea Sake. Kila kizuizi cha barabarani ni kusimama tena na kulipa tena, na anayelipishwa huharakisha safari kwa fimbo. Akifika, misuli yake imekwisha nguvu yote iliyohifadhiwa. Nyama ya mnyama wa namna hiyo haichachi vizuri baada ya kuchinjwa. Inabaki nyeusi, ngumu, yenye kunata, na huoza upesi kuliko nyama ya mnyama aliyepumzishwa. Mji usio na majokofu ya kutosha ndio wenye hasara kubwa zaidi kwa nyama kama hiyo. Maji na pumziko la usiku mmoja kabla ya kisu ni huruma kwa ng'ombe na ni usalama kwa mlaji, kwa gharama ya ndoo chache.

Jibini nalo linanirudisha kwenye bidoni lile la njano. Ufundi wa jibini la Masisi uliletwa na wamisionari wa Kibelgiji, na leo gurudumu lake la njano ni sifa ya Kivu nzima; utaliona likishuka kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, likipangwa kwenye meza za Goma, likisafirishwa mpaka Kinshasa. Linatengenezwa kwenye vibanda vya mbao juu ya vilima, na mara nyingi maziwa hayapashwi moto kiasi cha kuua vijidudu. Maziwa yakishikiliwa kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30, brusela hufa, na kifua kikuu cha ng'ombe pia. Jawabu linaonekana jepesi mpaka uulize kuni zitatoka wapi. Miti ya kuchemshia maziwa kila siku, mwaka mzima, kwenye mamia ya vibanda, ni msitu. Ukiamuru maziwa yachemshwe bila kupanda miti ya kuni wala kutumia samadi kuzalisha gesi, umehamisha maradhi kutoka tumbo la mtu kwenda kwenye mlima. Mlima uliovuliwa miti Masisi huporomoka mvua zinapokolea, na huporomoka juu ya nyumba. Kwa sababu hiyo mimi ningeanza zizini, kwa kuchanja mitamba, kabla ya kwenda kumfokea mtengeneza jibini.

Mazingira huumizwa pia na dawa ya kupe. Kupe wa kahawia wa masikioni hueneza ndigana kali, ugonjwa unaovimbisha tezi chini ya sikio la ndama, kisha mapafu yake yanajaa maji mpaka anakosa pumzi akiwa bado amesimama. Mfugaji aliyeona ndama akifa hivyo haachi kuogesha mifugo yake, na ana haki. Lakini bomba linaoshwa mtoni, mabaki yanamwagwa mtoni, na samaki wa chini yake hufa. Chanjo ya kuambukiza na kutibu kwa wakati mmoja, iliyobuniwa Muguga nchini Kenya, inapunguza sana haja ya kuogesha kila wiki. Inahitaji kuhifadhiwa kwenye baridi kali sana, kwa hiyo wanaoipata ni wachache. Wengine wananunua oksitetrasaiklini sokoni, kwa kipimo cha kukisia, na maziwa ya siku ileile yanakwenda kwa watoto na dawa yake.

Sasa tushuke Walikale. Hapa malisho yanaisha na msitu unaanza, na wapangaji wengi wa miradi hubadili mada: Masisi wanaandika mifugo, Walikale wanaandika hifadhi. Ramani ya ofisini inazitenganisha wilaya hizi mbili. Tumbo la mchimbaji wa madini linaziunganisha.

Bisie, Walikale, ni moja ya sehemu zenye madini ya bati yenye utajiri mkubwa duniani. Kabla ya mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, maelfu ya wachimbaji wadogo waliishi ndani ya msitu huo, na miaka ya 2000 ndege zilitua juu ya kipande cha barabara pale Kilambo kubeba kasiteriti, madini hayo ya bati. Machimbo mengine madogo yametapakaa wilayani hadi leo. Wachimbaji wanahitaji kitoweo kila siku. Barabara ya kutoka Sake kupitia Masisi hadi Walikale imeharibika vibaya na ina vizuizi vya kila kundi, hivyo mbuzi au ng'ombe anayefika machimboni amekuja kwa miguu, amekonda, na bei yake imepanda kwa kila ushuru aliotozwa. Nyama ya pori iko karibu na ni rahisi. Utafiti uliofanywa kwenye machimbo ya pembezoni mwa hifadhi za Kahuzi-Biega na Itombwe ulionyesha kwamba wengi wanaila kwa kukosa nyingine, na wangeiacha wakipata nyama ya mifugo au samaki.

Hivyo ndivyo mbuzi aliyekufa kwa sotoka ya mbuzi kule Nyabiondo, Masisi, anavyohusiana na mtego uliotegwa kilomita nyingi magharibi yake. Ugonjwa wa zizini unapandisha bei ya nyama, na bei ya nyama inatega waya msituni.

Mtego wenyewe ni waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kwenye mti mchanga uliopindwa. Mnyama akiingiza mguu, mti unafyatuka na kitanzi kinakaza. Kila anapovuta kinakaza zaidi, kinakata ngozi, kinafika mfupani. Funo hufa kwa hofu na uchovu. Nyani hujiguguna kiganja. Mtoto wa gorila mara nyingi huvunja waya kwa nguvu za mama yake na kuondoka na kitanzi mkononi, mkono ukavimba, ukaoza, ukadondoka. Mtegaji ana mitego mingi na hawezi kuipitia yote kila siku, kwa hiyo baadhi ya wanyama anawakuta wamekwisha kuharibika. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, bila kujulikana kama alikufa kwa waya au kwa ugonjwa, inapasuliwa kwa mkono wenye mikwaruzo ya miiba na kupelekwa sokoni imekaushwa kwa moshi. Katika waya huo mmoja unakuta mateso ya mnyama, hatari kwa mtu na upotevu wa msitu.

Gorila wa nyanda za chini za mashariki, ambaye duniani kote anaishi mashariki mwa Kongo peke yake na ambaye Walikale ni moja ya ngome zake, alikadiriwa kuwa na idadi ya karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2016 makadirio yalishuka hadi 3,800 na akaingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Hesabu mpya ya 2021, iliyopata taarifa za misitu zaidi, ilitaja 6,800. Ni habari njema kiasi, ingawa hata hiyo ni chini ya nusu ya waliokuwapo. Sehemu ya waliosalia wanalindwa kwenye misitu ya jamii, kama ya Nkuba wilayani Walikale, ambako wenyeji wenyewe wameajiriwa kufuatilia nyayo na kung'oa mitego. Naheshimu kazi hiyo kuliko ulinzi wa bunduki. Ila mng'oa mitego anayerudi jioni kwenye kijiji kisicho na kuku wala mbuzi anafanya kazi ya kumwaga maji kwenye pakacha.

Wanyanga wa Walikale walikwisha kulifikiria jambo hili kabla yetu. Katika utendi wa Mwindo, ambao mtafiti Daniel Biebuyck aliurekodi kutoka kwa mganaji Candi Rureke mwaka 1956, shujaa anaua joka la msituni ambalo ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni, anamwacha ateseke kwa baridi, mvua na jua, kisha anamrudisha duniani akiwa amekatazwa kuua mnyama yeyote wa msitu au wa kijiji, hata wadudu wadogo kabisa. Watu waliotunga hivyo walikuwa wawindaji. Walikula nyama na waliijua damu. Wakaona bado kwamba kuua ovyo kuna hesabu yake, na kwamba mfalme mwema hujifunza hilo kwa kuonja maumivu mwenyewe. Anayekwenda Walikale kufundisha ustawi wa wanyama kama fikra ya kigeni hajawasikiliza wenyeji wake.

Kuhusu magonjwa ya msitu inatupasa kusema kwa uangalifu, kwa sababu hofu nayo inaua wanyama. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Uligusa hata Pinga. Sehemu kubwa kabisa ya maambukizi hayo ilikuwa ya mtu kwa mtu, kwenye nyumba, mazishi na zahanati. Aina mpya ya mpox iliyoanza kuonekana Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023 nayo ilienea hasa kwa kugusana watu. Kumlaumu popo au tumbili kwa mlolongo wote huo ni kumwonea, na kuchoma makazi ya popo huwatawanya tu. Yaliyo kweli ni kwamba cheche ya kwanza ya Ebola hutoka kwa mnyama, na kwamba mnyama hutoa dalili. Huko Lossi, Jamhuri ya Kongo, mwaka 2002 na 2003 gorila walikufa kwa maelfu kwa Ebola. Mizoga ilionekana msituni. Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta kwenye mto Ishasha, Virunga, na mamlaka za hifadhi zikaweza kuwaonya watu wachemshe maji. Mwindaji anayekuta paa watatu wamelala wamekufa bila jeraha anayo habari ambayo wizara ingeilipia fedha nyingi. Leo hana wa kumpa.

Na njia ya ugonjwa kati ya mnyama na mtu inapitika kwa pande zote mbili. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi, Uganda, walipata upele ambao Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, wakati huo daktari kijana wa wanyamapori, aliufuatilia hadi kwenye vijiji jirani vilivyokosa huduma ya afya. Mtoto mmoja wa gorila alikufa. Aliyotenda baadaye ndiyo ninayotaka yafike Walikale: shirika alilolianzisha 2003 linawatumia wahudumu wa afya wa vijijini kuhudumia familia na wakati huohuo kufuatilia gorila wanaotoka kwenye mpaka wa hifadhi. Kutibu kikohozi cha mtoto wa binadamu kumekuwa sehemu ya kumlinda gorila.

Wengi wataniambia Bwindi kuna amani. Kweli. Nitaje basi mahali pasipokuwa na amani.

Miaka ya 1990, kusini mwa Sudan kukiwa na vita vikali, sotoka ya ng'ombe ilikuwa bado inaua. Mfumo wa serikali haukuwapo. Chanjo aliyoibuni Walter Plowright huko Muguga ilihitaji baridi muda wote, na baridi hakuna. Ndipo ikatengenezwa aina yake inayostahimili joto kwa wiki kadhaa, na wafugaji wenyewe wakachaguliwa na vijiji vyao, wakafundishwa kuchanja, wakaibeba kwa miguu hadi kwenye makambi ya ng'ombe pande zote za mstari wa vita. Lililoratibu kazi hiyo chini ya operesheni ya misaada ya Sudan lilikuwa UNICEF, shirika la watoto, kwa kuelewa kwamba mtoto wa Kidinka hunywa maziwa ya ng'ombe asiyekufa. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufikia hapo baada ya ndui, na hatua zake za mwisho zilipita katikati ya vita.

Chad nako, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwakuta wafugaji wanaohamahama ambao ng'ombe wao walikuwa wamechanjwa kuliko watoto wao. Gari la chanjo ya mifugo lilifika. La watoto halikufika. Walichofanya ni kuunganisha safari: gari moja, sanduku moja la barafu, timu mbili. Watoto na akina mama ambao hawakuwahi kufikiwa wakachanjwa siku ileile na ng'ombe, kwa gharama ndogo kuliko safari mbili. Mama aliyekuja kwa ajili ya ng'ombe aliondoka mtoto wake amechanjwa.

Kwa hiyo nikiulizwa pa kuanzia Masisi na Walikale, sianzi na maabara mpya. Naanza na kuku. Mdondo hufagia kuku wa kijiji kizima ndani ya wiki moja, wakiwa wamepinda shingo na kukosa pumzi, na kuku ndiyo mifugo pekee ambayo mjane wa Itebero anaweza kumudu. Chanjo yake iitwayo I-2 inastahimili joto kiasi, hudondoshwa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3 au 4, na mwanamke yeyote aliyefundishwa anaweza kuitoa. Tanzania inaizalisha Kibaha. Baada ya kuku, mbuzi na sotoka yao, ambayo nayo chanjo yake ya kustahimili joto ipo. Kisha mbwa wa uwindaji, maana kichaa cha mbwa kwa mtu karibu chote hutoka kwa mbwa, na mbwa aliyechanjwa haogopwi wala hapigwi mawe. Brusela ya ng'ombe inahitaji mpango wa miaka, na amani kidogo.

Watu wa kufanya kazi hii wapo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kinasomesha waganga wa mifugo. Goma ina maabara ya mifugo, na tangu mlipuko wa Ebola ina pia maabara ya kisasa ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kwa magonjwa ya binadamu. Wafugaji wana ushirika wao, ACOGENOKI. Kilichokosekana ni meza moja. Idara ya afya ina takwimu zake, ya mifugo ina zake, na hifadhi ina zake, na tangu mstari wa mapigano uzikate wilaya hizi kila idara imekuwa na nusu ya hata hicho ilichokuwa nacho.

Nawaomba basi waganga wakuu wa maeneo ya afya ya Masisi, Mweso, Katoyi, Kirotshe, Walikale, Pinga, Kibua na Itebero, pamoja na mashirika yanayowalipia mafuta na barafu. Kila wiki mnakusanya taarifa za surua, kipindupindu na homa. Ongezeni mstari mmoja wa wanyama: mimba zilizotupwa, mifugo iliyokufa ghafla, mbwa waliouma watu, mizoga iliyoonekana msituni. Mwiteni mganga wa mifugo na mng'oa mitego kwenye kikao hicho. Na sanduku la barafu litakapopanda tena pikipiki kwenda Pinga na chanjo ya surua, tengeni ndani yake nafasi ya chupa za chanjo ya kuku na mbuzi.